Dar–Zanzibar kwa ndege: kilomita 73, lakini muda gani?

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Abeid Amani Karume ni kilomita 73 hivi, karibu moja kwa moja kuelekea kaskazini. Cessna Caravan, ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa, inazimaliza kwa dakika 15. Ongeza kutambaa ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua, ufike 20 mpaka 25. Na usidhani ndege kubwa itakuwahisha. ATR 72 ina mbio zaidi, lakini kwa umbali huu haipati nafasi ya kukolea: ikimaliza kupanda inaanza kushuka, na kuna abiria hadi 70 wa kupakia na kushusha.

Kinachobadilisha dakika za hewani ni upepo. Njia ya kurukia ya Zanzibar imelala kusini–kaskazini, na ndege hutua ikiukabili upepo. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inayotoka Dar inaingia moja kwa moja. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, rubani anaupita uwanja, anageuka upande wa kaskazini na kurudi. Dakika kadhaa zinakwenda hapo, ila wa dirishani hawalalamiki. Wakati wa masika, wingu zito la mvua likikaa katikati ya njia, Caravan inasubiri chini, na ratiba ya siku nzima inasogea.

Kwenye Caravan, mzigo ni kilo 15 na begi liwe laini. Huo si ukorofi wa wahudumu: mizigo inawekwa kwenye boksi la kina kifupi chini ya tumbo la ndege, sanduku gumu halikunjiki humo, na uzito unahesabiwa kilo kwa kilo. Abiria naye anaweza kupandishwa kwenye mizani.

Soma tiketi imeandika jengo gani. Ndege ndogo huondokea Jengo la Kwanza, kampuni kubwa za safari za ndani Jengo la Pili, na majengo hayo hayako mlango kwa mlango. Ukishushwa kusiko, utatafuta bodaboda huku dirisha la kusajili abiria linafungwa.

Sasa hesabu halisi. Kutoka Posta, katikati ya jiji, Barabara ya Nyerere jioni inaweza kula saa nzima na zaidi, kusajiliwa na kukaguliwa, saa moja, ndege yenyewe dakika 20, mizigo na teksi hadi Mji Mkongwe, nusu saa. Karibu saa tatu. Boti ya kasi inaondoka palepale Posta, inatumia kama saa mbili, na inakushusha Malindi, hatua chache kutoka Forodhani. Kwa mtu wa Posta au Kariakoo, boti inashinda. Kwa anayeshuka kutoka Mwanza au Mbeya, aliye jirani na uwanja, Ukonga au Gongo la Mboto, au asiyeiweza bahari ya kusi, ndege ndiyo yenyewe.