Uchambuzi wa kitabu: Oliver Sacks na mtu aliyedhani mkewe ni kofia

Haya wadau, karibuni. Leo mkononi nina kitabu ambacho kila nikigusia habari za ubongo lazima mtu akitaje: The Man Who Mistook His Wife for a Hat, yaani mtu aliyedhani mkewe ni kofia. Mwandishi ni Oliver Sacks, daktari wa mfumo wa fahamu, mzaliwa wa London aliyefanyia kazi New York mpaka akafariki mwaka 2015. Kimetoka 1985, kina visa 24, vingi vifupi. Unaweza kumaliza kimoja ukiwa umekwama kwenye foleni. Nitawaambia kinunuliwe, ila si kwa sababu zile zinazosemwa sana, na kuna sura moja msiimeze nzimanzima.

Tuanze na hiyo kofia. Kuna mwalimu wa muziki, kitabuni anaitwa Dr. P. Macho mazima, akili inafanya kazi, lakini anachokiona hakiungani kikawa kitu. Akipewa glavu anaeleza kwamba ni kitu kilichojikunja, chenye vifuko vitano. Ni nini? Hajui. Waridi nalo analieleza hivyohivyo, umbo jekundu lenye kijiti cha kijani, mpaka anaponusa ndipo analitambua papo hapo. Wakati wa kuondoka anatafuta kofia, anashika kichwa cha mkewe, anataka kukiinua akivae.

Watu wengi husimulia mpaka hapo wakacheka. Mimi kilichonishika ni maelezo ya mke. Anasema nguo humpangia mahali palepale kila siku, naye huvaa huku akiimba. Kula kuna wimbo wake, kuoga kuna wimbo wake. Siku Sacks alipowatembelea, mlango uligongwa kwa kishindo katikati ya kula, wimbo ukakatika, na yule bwana akaganda pale mezani kama hajui kilicho mbele yake, mpaka harufu ya kahawa ikamzindua. Dawa haikuwepo. Ushauri wa daktari ukawa: muziki, muziki zaidi. Na alifundisha muziki mpaka siku zake za mwisho.

Sasa, sura bora kwangu ni fupi kuliko zote mnazozisikia. Bi S., mama wa miaka ya sitini na kitu, kapata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Upande wa kushoto wa dunia umefutika, wake na wa vitu vyote. Rangi ya mdomo anapaka nusu ya kulia tu. Analalamika wauguzi wamemnyima kahawa, na kikombe kipo pale pale, kushoto kwa sinia. Shingo haigeuki kwenda huko, kwa sababu kwake huko hakupo. Basi mama akabuni njia yake: anazunguka na kiti chake cha magurudumu kuelekea kulia, mzunguko mzima, mpaka ile nusu ya chakula itokeze. Anaila nusu yake. Bado ana njaa? Anazunguka tena, anapata robo. Ukimwambia, mama, si ugeuze sahani tu? Anasema amejaribu, ni kugumu ajabu, ila kuzunguka kunamjia chenyewe.

Hiyo ni hali ya kawaida baada ya kiharusi, na hapa kwetu nani hajauguza mtu wa kiharusi? Ukiona mzee kaacha nusu ya ugali, anaambiwa anadeka. Sogeza sahani kulia uone.

Sura ya baharia Jimmie ni nzito, nitapita haraka. Pombe na upungufu wa vitamini B1 vimemla kumbukumbu. Ni 1975, yeye anaamini ni 1945 na ana miaka 19. Sacks akampa kioo ajitazame. Ulikuwa ukatili, na mwandishi mwenyewe anaujutia.

Sasa ile sura ya kuitilia shaka: mapacha wanaobadilishana namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama watu wanaoonjana mvinyo. Sacks anasema aliingia mchezoni na kitabu chake cha majedwali ya namba hizo, akawatolea namba tasa ya tarakimu kumi. Hebu tupige hesabu. Namba tasa zisizozidi tarakimu kumi ni zaidi ya milioni 455. Chapa elfu moja kila ukurasa, utahitaji kurasa 455,000. Kitabu hicho kinabebwa na nani? Na mwishoni mwa 2025 jarida la The New Yorker liliandika kuhusu shajara zake, ambamo alikiri kwamba mambo kadhaa aliyatunga.

Kabla ya hapo, mtafiti wa masuala ya ulemavu Tom Shakespeare alishamgeuzia jina la kitabu: mtu aliyedhani wagonjwa wake ni ajira ya uandishi. Kejeli kali, ila ukifika sehemu ya nne, ambako watu wenye ulemavu wa akili wanaitwa majina ambayo leo ni matusi, utaona limetoka wapi.

Mimi bado nakiweka rafuni, lakini kwenye rafu ya hadithi, jirani na tiba. Anayetaka majaribio yanayoweza kurudiwa achukue Phantoms in the Brain cha V. S. Ramachandran na Sandra Blakeslee, 1998. Humo kuna mtu aliyekatwa mkono, mkono usiokuwepo unamuuma, na kioo ndani ya sanduku kikampa nafuu. Kioo cha kawaida tu, cha dukani.

Kiingereza cha Sacks kina maneno ya hospitali na ya falsafa, kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari atasota kidogo. Ushauri wangu, msianze ukurasa wa kwanza. Anzeni na Bi S., sura inaitwa Eyes Right!, kisha mrudi kwenye kofia. Mwenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani aisome hiyo moja hata asipomalizia kitabu, halafu aniandikie hapo chini amegundua nini mezani.