C.P. Huntington ya Chance Rides: injini haina neno, kazi iko kwenye reli

Ukikuta treni ndogo ya abiria kwenye bustani ya wanyama ya Marekani, mara nyingi ni C.P. Huntington. Chance Rides wa Wichita, Kansas, wanaiunda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wameshauza mamia. Sura yake imeigwa kutoka kwa injini halisi ya mvuke ya mwaka 1863, iliyokuja kuwa namba 1 ya kampuni ya reli ya Southern Pacific na sasa imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli ya Sacramento, California. Bomba la moshi ni pambo. Ndani mna injini ya kawaida ya petroli, dizeli au gesi, na siku hizi ipo ya umeme pia.

Kwa bustani inayobeba watoto kutwa nzima, huo ni uamuzi wa busara. Injini ya mvuke inataka mtu wa kuwasha moto alfajiri, maji yasiyo na chokaa na ukaguzi wa tangi la presha. Hii unaiwasha kwa ufunguo, na fundi mzuri wa magari ataielewa. Kingine ni spea: viwanda vingi vilivyounda treni za namna hii vilishafunga, na mwenye treni yao hulazimika kuchongesha vipuri kwa fundi wa mashine. Kwa Huntington bado unaagiza kiwandani.

Mabehewa ni ya wazi pembeni, yana paa, na watu wazima wawili hukaa benchi moja. Mwenye miguu mirefu atabanwa magoti.

Sasa reli. Upana wake, yaani nafasi kati ya reli mbili, ni inchi 24 (milimita 610), na kwenye reli ndipo wanunuzi wengi wanapobana pesa. Kwenye kona, magurudumu husukuma reli ya nje kila treni inapopita. Taruma la mbao, yaani gogo linalolazwa chini ya reli kuzishikilia, likioza pale msumari ulipoingia, msumari hulegea, upana hukua milimita chache chache, mwishowe gurudumu hutumbukia katikati. Kwa hiyo pima upana kwa fimbo maalumu, hasa kwenye kona na viungo. Ukiona unga mwembamba wa chuma kando ya reli, kona inakula magurudumu. Grisi ipakwe ubavu wa ndani wa reli ya nje tu. Ikifika juu, gurudumu linateleza na breki hazishiki.

Kokoto za chini ya taruma ziwe za kupasuliwa, zenye pembe. Zile laini za mtoni huviringika na taruma huhama. Mwinuko nao usidharauliwe: wa asilimia 2 huongeza mzigo wa kuvuta kwa kilo 20 kwa kila tani ya treni, na majani mabichi juu ya reli yanatosha kuifanya injini izungushe magurudumu bila kusogea.

Usalama hautaki karatasi pekee. Machi 2011, huko Spartanburg, South Carolina, treni ndogo ya bustani iliacha reli kwenye daraja na mtoto akafariki. Ilikuwa ikienda kasi kupita kiasi. Mkaguzi wa jimbo baadaye alikiri kwamba aliipasisha bila kuiona ikitembea, kwa sababu betri ilikuwa imekufa. Ukaguzi wa namna hiyo si ukaguzi.

Ukitaka kununua iliyotumika, omba iendeshwe njia nzima ikiwa na mzigo, isimamishwe kwenye mteremko, kisha shuka uguse beringi za kila gurudumu kwa tahadhari. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, imeisha. Tazama pia ukingo wa magurudumu: ukiwa umelika na kuchongoka kama kisu, weka bei ya seti mpya kwenye hesabu kabla ya kukubaliana. Na hakikisha dereva akiwa kwenye kiti chake anaona behewa la mwisho, kwa kioo au kwa kamera, maana watoto huteremka kabla treni haijasimama.