Kibanda cha fotokopi cha Katuba, baada ya uchaguzi

Walimu wenzangu wananiuliza kadi yangu ya kupigia kura niliihifadhia wapi hata leo bado inasomeka. Jibu ni Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye kibanda cha fotokopi kilicho karibu na soko. Hakina bango. Kina meza, printa, kompyuta ya zamani, na jenereta ndogo iliyofungwa nje kwa mnyororo. Uliza kijana wa fotokopi, mtoto yeyote atakupeleka.

Asiyeishi Kongo huenda asielewe kwa nini kadi ya kura inahangaikiwa hivi wakati kura zilishapigwa tarehe 20 Desemba 2023. Kwetu hiyo ndiyo kitambulisho. Wazee wetu walikuwa na kadi ya uraia enzi za Mobutu. Mwaka 2023 rais alikabidhiwa kadi ya kwanza ya mfumo mpya kule Kinshasa, lakini sisi wa huku bado tunatembea na hii ya kura. Ndiyo unayoonyesha benki, ukisajili laini ya simu, ukisimamishwa njiani. Na hizi tulizochukua mwanzoni mwa 2023, nchi nzima ililalamika: wino unafifia. Kwenye yangu picha ndiyo ilianza, macho yakapotea kabla ya mdomo, kisha herufi za jina la baba yangu zikafuata. Mshahara wa mwalimu unapitia benki. Siku moja dirishani waliigeuza huku na huku, wakanirudishia bila pesa.

Kijana hakuitia kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki mara moja kama wanavyofanya wengi. Alisema joto la mashine linaweza kumaliza hata wino uliobaki. Aliipangusa kwa kitambaa kikavu, akaiskani mbele na nyuma, akawa anakoleza weusi kwenye skrini polepole mpaka namba ikaonekana. Nakala ndiyo aliyoipitisha kwenye mashine hiyo ya moto. Kadi yenyewe aliiingiza katika mfuko laini wa plastiki, akabana ukingo mbali na picha. Nililipa franka 2,000. Niliporudi benki na vyote viwili, walinihudumia.

Nikiwa bado pale, mama mmoja alimwomba kijana amwandikie upya jina lililofutika, kwa kompyuta, ili lipendeze. Alikataa. "Mama, hiyo ni kughushi, nitakuingiza matatani. Twende tuandike barua ya kuomba dupulikata, kadi rasmi ya pili." Pesa aliyopewa aliirudisha mkononi mwa yule mama. Tangu siku hiyo ninamwamini.

Lakini nilichokiona usiku wa kuhesabu kura ndicho kimenifanya niandike. Sisi wa Katuba tulichagua mara nne siku ile: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani wa komini, na madiwani ilikuwa mara ya kwanza. Karatasi za matokeo zilikuwa nyingi. Mashahidi wa vyama walitoka vituoni wakizikumbatia vifuani, wengine hawajala tangu asubuhi, wakaja kutoa nakala. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchaji simu. Shahidi wa Katumbi, mgombea urais, alikuwa nyuma ya shahidi wa Rais Tshisekedi, nyuma yao wa mgombea udiwani ambaye hata sikumjua. Bei ilikuwa ile ile iliyoandikwa kwa chaki mlangoni, foleni moja, na kila mmoja alisubiri karatasi yake itoke. Mtu mmoja alitaka kulipa zaidi apite mbele. Aliambiwa arudi nyuma, akarudi.

Mgombea niliyempa kura yangu hakushinda. Moïse Katumbi alikuwa gavana wetu wa Katanga tangu 2007 hadi 2015, na wengi hapa tulimtumaini. Alitangaziwa kama asilimia 18, Félix Tshisekedi zaidi ya 73. Niliumia, nikalala, nikaamka nikaenda kufundisha. Kinachoniuma hadi leo ni kingine. Tulioandikishwa tulikuwa karibu milioni 44, waliopiga kura ni kama milioni 18. Masisi na Rutshuru, kule Kivu Kaskazini, hawakupiga kabisa kwa sababu ya vita. Na hapa mjini, kila baada ya uchaguzi, majirani wanaanza kuulizana asili: wewe ni wa Katanga, kama Katumbi, au wa Kasai, kama Tshisekedi? Nimesikia watoto wa darasa langu wakirudia maneno hayo uwanjani, watoto waliozaliwa mtaa mmoja. Nilisimamisha somo la hesabu tukazungumza. Pale kibandani mteja mmoja alipolianzisha, kijana alimkatiza: "Hapa tunauliza kurasa ngapi."

Mbunge wetu, kama unasoma, tangu shule ya msingi ianze kuwa bure mwezi Septemba 2019 darasa langu limefurika, dawati la wawili wanakaa wanne. Hilo uliahidi kulirekebisha ukiwa umesimama juu ya gari. Bado tunakusubiri.

Kuhusu kibanda, kasoro zipo. Nakala za rangi zinatoka na wekundu kidogo, na umeme ukikatika jenereta inapiga kelele mpaka mnaongea kwa ishara. Risiti hatoi usipoidai. Jumatatu asubuhi usiende, wanafunzi wa chuo wanajaa na karatasi zao. Nenda mchana, na kadi usiikunje wala kuiweka mfuko wa nyuma wa suruali.

Barua ya kuomba dupulikata anaiandika kwa franka 1,000, kwa Kifaransa. Niliisoma ya yule mama kwa jicho la mwalimu, kalamu nyekundu mkononi, sikupata la kusahihisha.