Kupunguza ncha za nywele Kampala: nilichokiona katika saluni mbili

Tangu Januari 2024 nimelipia huduma moja katika saluni mbili tofauti hapa Kampala, nayo ni kupunguza ncha za nywele. Nywele zangu ni za asili, hazijawahi kutiwa dawa, na lengo langu tangu mwanzo lilikuwa zifike mabegani zikiwa nzima. Saluni ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilinifundisha kwamba nywele zisizokatwa mara kwa mara hazikui. Ya pili ni chumba kimoja huko Wandegeya, hakina hata kibao mlangoni, na mama anayekiendesha alinifundisha tofauti kabisa. Naandika tathmini hii kwa sababu nimeona wenzangu wengi wakilipa fedha nyingi kwa imani ile ya kwanza, kisha wakikata tamaa na kusema kwamba nywele zao ni za aina isiyorefuka.

Imani yenyewe naifahamu ilikotoka. Shule nyingi za Uganda huwataka wasichana wanyoe nywele hadi wamalize masomo, na mimi nilinyolewa kila baada ya wiki chache hadi nilipomaliza kidato cha sita. Kila baada ya kunyolewa, nywele zilizoota zilikuwa ngumu na nene mkononi, na sisi sote bwenini tuliamini kwamba wembe ndio unaozipa nguvu. Ukweli ni kwamba unywele ambao haujawahi kukatwa huchongoka mwishoni, na ukikatwa unabaki na ncha butu, ambayo mkono unaihisi kuwa nene ingawa upana wa unywele haujabadilika hata kidogo. Unywele hukua kutoka kwenye shina lake lililo ndani ya ngozi ya kichwa. Sehemu tunayoiona nje haina uhai, kama ukucha, na haina njia ya kupeleka habari shinani kwamba mkasi umepita. Hakuna mkasi unaoharakisha ukuaji.

Saluni ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, yenye viti vya ngozi, jenereta la kuwaka umeme unapokatika, na kadi ndogo ambayo kila mteja hupewa ili arudi kila baada ya wiki 6. Nilikuwa nalipa shilingi 35,000 kila safari. Nywele zilioshwa, zikakaushwa kwa draya, kisha zikanyooshwa kwa pasi ili msusi aone mstari wa kukata, na mara nyingi nilisoma nyuzi joto 230 kwenye kioo kidogo cha ile pasi. Hapo ndipo kosa kubwa lilipokuwa, ingawa ilinichukua mwaka mzima kulitambua: ili kuondoa ncha zilizoharibika, nywele zilichomwa kwa joto lililoharibu ncha nyingine. Unyevu uliobaki ndani ya unywele hugeuka mvuke unapobanwa na pasi kali, ukaacha viputo ndani yake, na mahali penye kiputo ndipo unywele unapokatikia. Wiki 6 baadaye ncha mpya zilizopasuka zilikuwa zimeshapatikana, na kadi ilikuwa tayari imeandikwa tarehe ya kurudi.

Nina utepe wa kupimia wa fundi cherehani, wa marehemu shangazi yangu, na niliutumia kupima fungu lilelile la nyuma ya sikio la kushoto, likivutwa hadi linyooke. Januari 2024 lilikuwa sentimita 11. Desemba mwaka huohuo lilikuwa sentimita 12. Nilikuwa nimekwenda mara 8 na kulipa shilingi 280,000.

Hesabu yake ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kipimo kinachotajwa sana, cha sentimita moja na zaidi kidogo kwa mwezi, kinawafaa zaidi wenye nywele zilizonyooka. Nywele za Waafrika zilipopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wastani ulikuwa takriban robo milimita kwa siku, yaani kama sentimita 9 kwa mwaka. Ukiwa na robo milimita kwa siku, katika wiki 6 unapata sentimita moja tu. Msusi anayekata sentimita moja kila wiki 6 anaondoa kila kilichoota, na mteja anabaki pale alipoanzia mpaka atakapochoka. Ratiba ya wiki 6 inamfaa mtu mwenye nywele fupi anayetaka kulinda umbo la mkato wake, na mtu huyo namwelewa kabisa, lakini anayetafuta urefu hana haja nayo.

Hata hivyo ingekuwa makosa kuuweka mkasi pembeni moja kwa moja, kama alivyofanya binamu yangu wa Arua, ambaye hakukata ncha kwa miaka mitatu na nywele zake zikakoma shingoni. Nywele zake zilikuwa zinakua kama za mtu mwingine yeyote. Zilikuwa zinakatika chini kwa kasi ileile zilivyoota juu. Ngozi ya nje ya unywele ina magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na magamba hayo yakishamomonyoka kwa chanuo, joto na kusuguana na nguo, nyuzi za ndani hufunguka na ncha hugawanyika mara mbili au tatu. Mpasuko huo hauponi kwa mafuta wala kwa kondishona. Bidhaa hizo huugandisha kwa siku chache tu, na ukiachwa unaweza kupanda juu hadi unywele ukatike mahali pa mbali zaidi na pale ambapo mkasi ungepita. Nywele zetu zina mzigo wa ziada: kila kona ya msokoto ni mahali dhaifu, na mafuta ya asili ya kichwa hushindwa kuteremka kwenye misokoto hiyo, kwa hiyo ncha hukaa kavu. Tena ncha ni nzee. Kwa kasi ya sentimita 9 kwa mwaka, ncha ya unywele wa sentimita 18 imeshakaa miaka miwili ya jua, vumbi na foronya za pamba.

Wandegeya nilipelekwa na rafiki niliyesoma naye. Mama yule ni mzaliwa wa Bunia, mashariki mwa Kongo, ameishi Kampala muda mrefu, na hufanya kazi na binti mmoja tu. Siku ya kwanza hakugusa mkasi kwa karibu nusu saa. Alinitandikia taulo jeupe mabegani ili ncha nyeusi zionekane vizuri, akagawa nywele mafungu madogo, akaanza kulisokota kila fungu huku akilielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Fungu linapokuwa msokoto mmoja, ncha zilizopasuka hujitokeza pembeni kama nyuzi za kamba iliyochakaa, na hizo ndizo anazozikata, nusu sentimita hadi sentimita moja juu ya mpasuko, pamoja na vile vifundo vidogo ambavyo unywele mmoja hujifunga wenyewe. Nywele hazikunyooshwa, hazikukaushwa kwa draya. Mkasi anaoutumia huuhifadhi ndani ya kitambaa, na alipomwona binti yake akiunyoosha mkono kuuchukua akate uzi wa kusukia, alimzuia kwa ukali, kwa kuwa mkasi uliotiwa butu na uzi huuponda unywele badala ya kuukata, na ncha iliyopondwa hupasuka upya baada ya siku chache.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna msusi aliyewahi kunifanyia. Aliokota nywele zilizoanguka juu ya taulo, akaziweka kiganjani mwake, akanionyesha moja baada ya nyingine. “Tazama, binti yangu,” alisema, “hii ina kichwa cheupe, imeanguka kwa wakati wake. Hii haina, imekatika. Nyingi zako hazina.” Ni kweli kwamba mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila ugonjwa wowote, na nywele hizo hutoka na kijishina cheupe mwishoni. Zangu zilizokatika zilikuwa nyingi kuliko zilizoanguka, na nyingi zilikuwa fupi. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikihesabu mwaka mzima wa pasi, na nilihuzunika kweli.

Bei yake ilikuwa shilingi 20,000, pamoja na kuosha na kusuka twende kilioni. Aliniambia nisirudi kwa ajili ya ncha mpaka nizihisi zinakwaruza vidoleni au zinashikana ninapozichanua, na kwa nywele zangu hilo limetokea kila baada ya miezi mitano au sita. Nilipouliza nitumie mafuta gani, alinipa mafuta ya shea yanayotoka kaskazini, yale ambayo Waacholi na Walango huyaita moo yaa, na akasisitiza niyapake kwenye ncha zikiwa bado na unyevu, kwa sababu mafuta huzuia maji yasitoke lakini hayaleti maji yenyewe. Alinikataza pia kusukwa kwa kubana sana kwenye paji la uso. Hapo namuunga mkono kwa nguvu zote, kwani nimeona wanawake wa rika langu wenye vipara pembeni ambavyo vilianza kwa rasta zilizovutwa, na mvuto wa muda mrefu huliua shina lenyewe. Nywele zilizopotea hivyo hazirudi kama ncha inavyorudi.

Fungu la nyuma ya sikio, baada ya miezi 14 na safari tatu za mkasi, lilifika sentimita 19. Ni jumla ya sentimita 7 zilizobaki kichwani, katika muda ambao kwa hesabu ya kawaida zingeota kama sentimita 10 au 11. Kwangu huo ndio ushahidi wa kutosha kwamba mkasi una kazi yake, na kwamba kazi hiyo ni kulinda urefu ulioshaota.

Zipo kasoro ambazo mteja mpya anapaswa kuzijua. Kazi ya fungu kwa fungu huchukua saa mbili na nusu, na Jumamosi foleni ni ndefu kiasi kwamba nimewahi kufika saa nne asubuhi nikaondoka saa kumi na moja jioni. Hapokei miadi kwa simu. Maji hupashwa kwa birika, hivyo mteja wa tano au wa sita huoshwa kwa maji ya vuguvugu. Mafuta anayoyauza hayana lebo wala tarehe, na mwenye ngozi inayodhurika upesi afadhali ajaribu kidogo mkononi kwanza. Anayetaka nywele zilizokatwa kwa mstari ulionyooka kabisa hatalipata hilo hapa, maana bila kunyoosha kwa joto mafungu hayalingani milimita kwa milimita. Mwenye kuvaa nywele zake zikiwa zimejikunja hataiona tofauti hiyo.

Mara ya mwisho nilikwenda nikiwa na harusi ya mdogo wangu wiki inayofuata, na nilitaka ncha zipunguzwe ili nywele zikae vizuri. Mama alitandika taulo lake jeupe, akasokota mafungu matano au sita kutoka sehemu mbalimbali za kichwa, akayaelekeza dirishani kimyakimya. Akaukunja tena mkasi ndani ya kitambaa. “Hakuna cha kukata hapa,” aliniambia, “rudi baada ya Krismasi.” Aliniosha, akanisuka, akanitoza shilingi 10,000.