Redio ya Mkononi kwa Mwenye Leseni Mpya: Uzoefu Wangu na Yaesu FT-60R

Anayefaulu mtihani wa Technician, yaani wa leseni ya ngazi ya kwanza ya redio ya ridhaa hapa Marekani, ule wa maswali 35 ambao mtahiniwa hutakiwa kupata angalau 26, hulipa ada ya dola 35 kwa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, hupewa leseni ya miaka 10, kisha hubaki na uamuzi wa redio gani anunue. Mimi nilichagua Yaesu FT-60R iliyokwisha kutumika, na ningeichagua tena.

Ninaishi Houston. Kimbunga Beryl kilipopiga Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo hili walikosa umeme, na wengi wetu tuliona jinsi simu ya mkononi inavyogeuka kuwa ya kubahatisha pale ambapo kila mtu anaihitaji. Nilitaka chombo ambacho ningeweza kukitegemea katika hali hiyo, na sharti hilo ndilo lililoongoza uchaguzi wangu wote.

Wauzaji hushindana kutaja wati na idadi ya chaneli, na mnunuzi mgeni hupotezwa hapohapo. Ukiongeza nguvu ya kurusha kutoka wati 5 hadi 10 unapata desibeli 3, yaani nusu tu ya hatua moja kwenye kipimo cha S, kinachoonyesha ukali wa mawimbi yanayopokewa, tofauti ambayo msikilizaji wa upande wa pili huitambua kwa shida, huku wewe ukiona betri inaisha mapema na chombo kinapata moto mkononi. Katika bendi za mita 2 na sentimita 70, zinazoitwa kwa urefu wa wimbi na ambazo ndizo za redio hizi, umbali huamuliwa zaidi na kimo cha antena na vizuizi vilivyopo kati yenu. Wati 5 za FT-60R zinatosha kuifikia ripita, yaani mtambo unaopokea mawimbi yako na kuyarusha upya, iliyo juu ya jengo refu, na ripita ndiyo inayokufikisha mbali.

Jambo ninalolipa uzito mkubwa ni upokeaji. Mwenzangu wa klabu aliniazima redio ya bei nafuu, ya chini ya dola 30, ili nizilinganishe. Kwenye mtaa wetu ulio kimya, zote mbili ziliipokea ripita ileile kwa usafi uleule. Tulipopanda kwenye paa la jengo la maegesho katikati ya mji, kulikozungukwa na mitambo ya kurushia matangazo, ile ya bei nafuu ilikatakata na mara nyingine ikanyamaza kabisa, ilhali FT-60R iliendelea kutoa sauti ya mzungumzaji yuleyule. Sababu yake inajulikana: redio nyingi za bei ya chini huweka kipokezi chote ndani ya chipu moja yenye uchujaji mdogo, hivyo mawimbi makali ya jirani huizidi nguvu, lakini FT-60R hubadilisha masafa kwa hatua mbili na kuyachuja njiani. Anayeishi kijijini huenda asiione tofauti hiyo kamwe, na kwake redio ya bei nafuu ni mwanzo wa heshima kabisa.

Ninapenda pia kwamba pete ya skwelchi, inayonyamazisha kelele pasipo na mzungumzaji, inazunguka kitufe cha sauti. Mawimbi yakidhoofika naifungua kwa kidole kimoja, hata gizani, nikasikia maneno yaliyojificha ndani ya kelele bila kupekua menyu yoyote.

Menyu, kwa kweli, ndiyo sehemu ngumu. Ili kuingiza ripita moja kwa mkono unahitaji masafa yake, tofauti kati ya masafa ya kurusha na ya kupokea, ambayo kwa mita 2 huwa kilohezi 600, na toni inayoifungua. Programu ya CHIRP, ambayo ni ya bure, hurahisisha kazi hiyo kwa kompyuta na kebo, lakini ninasisitiza ujifunze njia ya vitufe pia, kwa sababu siku umeme utakapokatika kompyuta nayo inaweza isiwake. Betri yake ni ya NiMH ya volti 7.2, aina ambayo hupoteza chaji hata ikikaa kabatini bila kutumika. Kwa hiyo nimenunua na kisanduku cha betri 6 za AA, hasa kwa kusikilizia.

Ukinunua iliyotumika, ishike antena uitikise taratibu. Kiungio kikicheza, achana nayo. Bonyeza kila kitufe, kisha rusha kwa nguvu ya juu kwa muda kidogo uone kama betri inahimili au redio inazimika. Pesa utakayookoa itumie kununua antena ndefu zaidi, kwani robo ya wimbi kwenye mita 2 ni karibu sentimita 50 na ile fupi inayokuja na redio hulipia ufupi wake kwa kupoteza nguvu. Hakikisha tu kiungio chake kinaoana, maana SMA, yaani aina hiyo ya kiungio, ya redio nyingi za Kichina ni kinyume cha hii ya Yaesu.

Kwa ndugu wanaopanga kusafiri nayo kwenda nyumbani: bendi ya mita 2 kule Afrika Mashariki huishia megahezi 146, si 148 kama hapa, na leseni ya Marekani pekee haikupi ruhusa ya kurusha. Omba kwanza kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Tanzania au cha Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na ukiombe mapema kabla ya kukata tiketi.