Mpira wa kumwagilia kwa matone: unafaa matuta ya mboga, haufai ukoka

Mpira huu mweusi, uliotengenezwa kwa raba ya matairi yaliyosagwa, hauna vitundu vinavyoonekana, bali huvuja taratibu mwili mzima, kiasi kwamba ukipitisha kiganja juu yake unahisi unyevu kabla hujaona tone lolote likianguka. Kwenye matuta ya nyanya na mchicha nausifu bila kusita: maji hufika kwenye mizizi, majani hubaki makavu, na ugonjwa wa bakajani, ambao hustawi majani yanapolowa, hukosa nafasi. Ni vyema kuufunika kwa matandazo ya nyasi kavu, kwa kuwa jua kali huuchakaza mapema. Presha ya maji ikizidi hupasuka, hivyo koki ifunguliwe robo tu, na urefu usizidi mita 30, la sivyo mimea ya mwisho wa tuta haitapata maji ya kutosha. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya Dodoma, huuziba; chujio huzuia mchanga na takataka, lakini haliondoi chumvi iliyoyeyuka. Kwa ukoka wa uani ningeshauri mpira bapa wenye vitundu vya kurusha maji juu, ufunguliwe alfajiri upepo ukiwa umetulia, kwani huu wa matone hulowesha ukanda mwembamba tu na kuacha nyasi za pembeni zikikauka.