Mzee wa Tabata Dampo, aliyegoma kufungua hedi yangu

Corolla 110 yangu, ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A, ilianza kuchemsha kwenye foleni ya Buguruni. Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alitoa thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, akaitupa: eti kwa joto la Dar haina kazi. Ikachemsha vilevile. Wa pili alichungulia tu boneti akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua, niandae laki sita.

Jirani ndiye aliyenipeleka Tabata Dampo kwa huyu fundi mzee anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Hakushika spana. Aliuliza: "Inachemsha ukiwa umesimama au ukiwa kwenye mwendo?" Nikamwambia ni kwenye foleni tu, maana nikitembea Kimara mpaka Kibaha mshale wa joto hausogei. "Basi tuanze na feni, mwanangu. Kwenye mwendo upepo ndio unaopoza."

Tukaiacha ingurume pale pale. Mshale ukapanda, feni kimya. Akachomoa waya wa swichi ya joto kwenye injini, feni ikaanza kuzunguka! Akanieleza kwamba kwenye Toyota hizi waya huo ukichomolewa feni lazima iwake, kwa hiyo mota na rilei (kifaa kinachoipelekea mota umeme) ni nzima, swichi ndiyo imekufa. Gasketi nayo hakuisahau. Gari ilipopoa kabisa alifungua mfuniko wa rejeta, akawasha tena, tukakodoa macho kutafuta mapovu, dalili ya gasketi iliyoungua. Hakuna. Oili kwenye kijiti ilikuwa nyeusi ya kawaida, si rangi ya chai ya maziwa, yaani haikuchanganyika na maji.

Aliponikaripia ni kwenye maji ya rejeta. Yalitoka mekundu kama udongo wa Pugu. "Unaweka maji ya kisima ya chumvi? Kwani unapika wali?" Akasafisha, akaweka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), akarudisha thamostati ya digrii 82. Swichi, thamostati, kulanti na ufundi: 115,000.

Sasa kasoro zake. Risiti hana. Pa kukaa ni tairi bovu. Niliingia saa tatu asubuhi nikatoka saa kumi, kwa sababu kijana aliyetumwa Gerezani kununua spea alileta swichi ya gari nyingine, na teksi za wateja wake wa zamani zilinipita foleni bila aibu. Jumamosi usithubutu.

Jana nimekaa Buguruni dakika arobaini. Feni imewaka, imezima, imewaka tena. Zile chupa tano za maji kwenye buti bado sijazitoa.